Taa Moja Gizani: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu ya Mgodi wa Kirumi kwa Wageni wa Makumbusho

Tarehe 20 Mei mwaka 164, kwenye machimbo ya dhahabu ya Alburnus Maior, mahali ambapo leo ni Roșia Montană nchini Romania, kibarua aitwaye Memmius, mwana wa Asclepius, aliingia mkataba wa kazi. Hakujua kusoma wala kuandika, hivyo Flavius Secundinus akamwandikia kwenye kibao cha mbao kilichopakwa nta. Memmius aliahidi kumfanyia Aurelius Adiutor kazi ya mgodi hadi tarehe 13 Novemba, kwa dinari 70. Akiacha kazi kabla ya muda bila ridhaa ya mwajiri, atalipa sesterti 5 kwa kila siku. Mwajiri naye akichelewesha malipo kupita siku 3, atabanwa na adhabu hiyo hiyo. Na kama maji yatavamia mgodi kazi ikasimama, ujira utahesabiwa kwa kadiri ya kazi iliyofanyika.

Hebu piga hesabu. Dinari moja ni sesterti 4, na kutoka Mei 20 hadi Novemba 13 ni siku 178. Memmius alikuwa anapata sesterti moja na nusu na ushee kwa siku, huku adhabu ya kuondoka ikiwa zaidi ya mara tatu ya ujira wake. Kiweke kibao kama hicho kwenye kabati la kioo, andika pembeni “kibao cha nta, karne ya 2”, kisha simama uangalie wageni. Watapita tu. Kwa macho ni kipande cha mbao cheusi chenye mikwaruzo.

Filamu ya makumbusho ina kazi ya kuwarudisha wageni wale wale kwenye kabati lile lile, wakiinama na kutafuta jina la Memmius kwenye mikwaruzo. Mimi ni mhariri wa filamu, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa filamu fupi za aina hii. Yafuatayo ndiyo ninayoyafuata sasa, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Chagua mgodi mmoja

Usitengeneze filamu kuhusu “uchimbaji wa Warumi”. Dola ile ilichimba dhahabu, fedha, shaba, risasi na bati kuanzia Wales hadi Dacia (Romania ya leo), na kila mahali kazi ilikuwa na sura yake. Anza na kitu ambacho makumbusho inacho mkononi, halafu kitu hicho kikuchagulie mgodi.

Kama ukumbi una kipande cha gurudumu la maji, nenda Rio Tinto, kusini mwa Uhispania. Huko Warumi walipanga magurudumu ya mbao kwa jozi, jozi 8 moja juu ya nyingine, kupandisha maji karibu mita 30 kutoka chini ya mgodi. Magurudumu hayo yaliendeshwa na watu. Kama una picha za mandhari, una Las Médulas, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, ambako milima ya udongo mwekundu iliporomoshwa kwa maji yaliyoletwa kwa mifereji mirefu iliyokatwa kwenye miteremko. Dolaucothi, Wales, ina mifereji na mahandaki kwenye eneo dogo ambalo mgeni anaweza kulitembea kwa miguu. Aljustrel nchini Ureno, Vipasca ya zamani, imetuachia sheria za mji wa mgodi zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba nyeusi. Zinaonyesha hata saa za hamamu: wanawake asubuhi hadi saa ya 7 ya mchana wa Kirumi kwa as 1 (sarafu ndogo ya Kirumi), wanaume kuanzia saa ya 8 hadi saa ya 2 ya usiku kwa nusu as.

Mimi nitaendelea na Roșia Montană, kwa sababu pale tuna mtu mwenye jina na masharti yake ya kazi.

Hatua ya 2: Tafuta mtu, na umheshimu

Waandishi wa kale waliandika habari za migodi kwa mbali. Mwanahistoria wa Kigiriki Polybius, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na mwanajiografia Strabo, alisema migodi ya fedha ya Carthago Nova (Cartagena ya leo, Uhispania) ilikuwa na watu 40,000 na iliwaingizia Warumi drakma 25,000 kwa siku. Mwanahistoria mwingine, Diodorus, alieleza mateso ya watumwa wa migodi ya Hispania. Ni taarifa nzito, lakini huwezi kupiga picha ya watu 40,000, na hata ukiweza, mtazamaji hatamjua hata mmoja wao.

Memmius unaweza kumfuata. Tunajua alikuwa mtu huru aliyeuza nguvu zake, tena kwa masharti magumu. Kwa hiyo usimfunge minyororo. Nimeshaona miswada mingi ambamo kila mchimbaji wa Kirumi ana pingu miguuni na msimamizi mwenye mjeledi nyuma yake, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuona. Watumwa walikuwapo migodini, na wafungwa waliohukumiwa kazi ya migodi walikuwapo pia. Ukiwaonyesha, waonyeshe mahali ambapo ushahidi unawaweka. Ukimgeuza Memmius kuwa mtumwa umefuta jambo lenyewe linalomfanya awe muhimu: kwamba mtu huru aliweza kubanwa hivi na karatasi, au kwa upande wake, na nta.

Kwa watoto uwe makini zaidi. Makumbusho ya kitaifa ya akiolojia ya Madrid ina jiwe la kaburi kutoka Baños de la Encina, Uhispania, lenye sura ya mtoto Quintus Artulus, aliyefariki akiwa na miaka 4. Amechongwa akiwa ameshika nyundo na kikapu. Ukitumia jiwe hilo, lionyeshe kimya kwa sekunde 8 au 10 na jina na umri wake tu. Usimlete mtoto wa kuigiza. Mgeni atafika mwenyewe.

Hatua ya 3: Jifunze kazi kwa mikono

Kabla ya mswada, andika orodha ya vitendo. Mchimbaji alishika nini, kwa mkono upi, akiwa amesimama, amechuchumaa au amelala ubavu? Mahandaki ya Kirumi ya Roșia Montană yana umbo la trapeza, yamechongwa kwa uangalifu wa kushangaza, na kwenye kuta kuna vishubaka vidogo vya kuwekea taa. Sehemu yake iko wazi kwa wageni. Alama za tindo bado zinaonekana kwenye mwamba, na ukizitazama vizuri zinakuonyesha mkono ulitokea upande gani.

Mwamba mgumu ulipashwa moto kwanza: kuni ziliwashwa ukutani hadi jiwe likashika moto mkali, likapasuka, kisha likang’olewa kwa sululu na mitaimbo. Njia hii ilijaza moshi ndani, ndiyo maana mwandishi wa Kirumi Plinius Mzee, aliyewahi kuwa afisa wa kifedha wa Roma huko Hispania, anaeleza kwamba mara nyingi walipendelea kuvunja mwamba kwa vyuma vizito, na mawe yakapokezanwa gizani kutoka bega hadi bega usiku na mchana, wale wa mwisho tu ndio wakiona nuru. Anasema pia kwamba zamu zilipimwa kwa taa, na kwamba wachimbaji walikaa miezi mingi bila kuona mchana. Taa ndiyo iliyokuwa saa yao. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Na hapa msomaji wa Kiswahili ana utajiri ambao watengenezaji wengi wa filamu za Kirumi hawana. Kama umekulia karibu na Geita, Chunya, Migori, Kakamega au Ituri, unawafahamu watu wanaoshuka kwenye duara, yaani shimo la wima, kwa kamba, wanaofunga matimba ili ukuta usishuke, wanaoosha mchanga kwenye mwalo uliotandikwa gunia la katani ili dhahabu inase kwenye nyuzi. Plinius anaeleza mifereji yenye ngazi iliyotandikwa vichaka vyenye miiba kwa kazi hiyo hiyo. Vichaka vikakaushwa, vikachomwa, na majivu yakaoshwa. Umbali ni miaka karibu 2,000, lakini maji yanabeba chepesi na kuacha kizito vile vile.

Mwite mchimbaji kwenye mazoezi. Nakumbuka siku moja tulikuwa na kijana mwigizaji, mwenye nguvu, akigonga tindo kama anayepasua kuni. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya maduara ujana wake wote alikuwa amekaa pembeni, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, hivyo utakuwa umechoka kabla ya chai.” Akainuka, akashika nyundo karibu na kichwa chake, akagonga kidogo, akageuza tindo robo mzunguko, akagonga tena. Kila pigo lilifuatwa na mgeuko ule mdogo wa kifundo cha mkono. “Shikamoo mwamba kwanza,” akasema, “halafu uuombe njia.” Tukatupa yote tuliyokuwa tumepiga asubuhi. Mgeuko ule wa robo mzunguko ndio ukawa picha ya kwanza ya filamu.

Hatua ya 4: Andika mswada wa dakika 5

Filamu yangu ya kwanza ya makumbusho ilikuwa ya dakika 14. Ilianza na ramani ya Dola ya Kirumi, ikafuata orodha ya wafalme, kisha maelezo ya madini. Siku ya ufunguzi nilisimama mlangoni na kuhesabu: hadi dakika ya 3 nusu ya watu walikuwa wameondoka, na wengi wa waliobaki walikuwa wamepata viti. Iliniuma, na bado naitumia kama kipimo.

Mgeni wa makumbusho amesimama. Amebeba mkoba, ameshika mkono wa mtoto, na huenda ameingia filamu ikiwa katikati. Kwa hiyo:

Iwe dakika 4 hadi 6.

Kila sekunde 60 au 70 pawe na kitu kinachoeleweka peke yake, bila kuhitaji kilichotangulia.

Usianze na ramani. Anza na mkono, au na utambi unaowashwa.

Maneno yasizidi 350 kwa filamu nzima. Mswada uandike kwenye safu mbili, picha kushoto na sauti kulia, halafu funika safu ya sauti. Kama picha peke yake hazielezi kazi inavyokwenda, mswada haujaiva.

Muundo ninaoupendekeza kwa Memmius ni wa taa moja. Utambi unawashwa, anaingia. Anagonga. Anabeba. Anasikia maji. Taa inakaribia kuzimika, zamu inakwisha. Mkataba unasomwa vipande vipande katikati ya vitendo hivi: dinari 70 zinatajwa wakati anabeba mzigo wa kwanza, adhabu ya sesterti 5 wakati amepumzika na mkono unatetemeka. Kifungu cha maji kinatajwa maji yanapoanza kulowesha viatu vyake. Hapo mtazamaji anaelewa bila kuambiwa ni nani anayebeba hasara ya mafuriko.

Hatua ya 5: Jenga handaki, usiingie kwenye la kweli

Naomba hili lisomwe mara mbili. Usipige filamu ya moto au taa za mafuta ndani ya mgodi wa zamani, hata kama kibali kimepatikana. Hewa mbaya mara nyingi haina harufu ya kukuonya. Kwenye handaki lenyewe piga picha za kuta na alama za tindo tu, kwa taa za umeme, ukiwa na mwenyeji wa eneo na bila kugusa kuta.

Uigizaji fanyia kwenye handaki la kujenga. Mita 3 au 4 za urefu zinatosha, ukijenga fremu ya mbao, ukaweka wavu wa kuku, gunia lililochovywa kwenye plasta, kisha rangi ya madini na mchanga. Acha upande mmoja utoke ili kamera iingie. Fuata vipimo halisi vya handaki uliloliona. Kama mtu alilazimika kuinama, mwigizaji wako ainame siku nzima, na uchovu utaonekana usoni bila kuelekezwa.

Sasa giza. Wapiga picha wengi huogopa giza, wakamwaga mwanga wa buluu wakidhani ndio usiku. Chini ya ardhi hakuna mbalamwezi. Nuru pekee ni ule mwali wa taa ya mafuta, ambao ni hafifu kuliko koroboi ya nyumbani. Tumia lenzi yenye mwanya mpana, f/1.4 au f/1.8, fremu 25 kwa sekunde na mwendo wa shata wa 1/50, na panda hadi ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ambayo kamera yako inaivumilia. Mwali halisi uuache uonekane kwenye picha, kisha uusaidie kwa taa ndogo ya LED yenye rangi ya joto, karibu kelvini 2,000, iliyofichwa nyuma ya jiwe au kiganjani mwa mwigizaji. Sehemu kubwa ya fremu ibaki nyeusi kabisa. Weka kizima moto karibu na mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kuangalia moto tu.

Mavazi: kanzu fupi ya sufu au kitani, chafu kweli. Usinunue vazi la jukwaani lenye mkanda wa dhahabu.

Hatua ya 6: Uhuishaji kwa yasiyopigika

Mlima kuporomoka, jozi 8 za magurudumu moja juu ya nyingine, mfereji unaozunguka milima: haya yachore. Sharti langu ni moja, kila mchoro uwe na mtu ndani yake. Gurudumu bila mtu linaonekana kama kifaa cha kuchezea. Mweke mtu akilikanyaga kwa miguu, na mgeni ataona mara moja ukubwa wake na shida yake.

Tenganisha tunachokijua na tunachokikisia. Mimi hutumia mstari mzito kwa kilichofukuliwa na mstari wa vidoti kwa kilichojazwa, na sentensi moja fupi mwanzoni inayoeleza hivyo. Watoto huielewa haraka kuliko wazazi wao. Mtaalamu wa akiolojia wa eneo hilo aone mchoro ukiwa bado wa penseli, kabla fedha hazijatumika kwenye rangi na mwendo.

Hatua ya 7: Sauti ibebe nusu ya filamu

Kwa kuwa picha ni nyeusi, sikio ndilo litakalofanya kazi. Rekodi nyundo kwenye jiwe halisi, ukiwa na maikrofoni mbili: moja karibu na tindo, nyingine mita 6 nyuma, ndani ya chumba chenye kuta ngumu. Ukizichanganya unapata pigo na mwangwi wake, na ukubwa wa handaki unasikika. Rekodi pumzi. Rekodi tone la maji likidondoka kwenye bakuli la udongo, halafu lirudie kwa kasi inayoongezeka taratibu kuelekea mwisho. Muziki sijawahi kuuona ukiboresha filamu ya mgodi. Nyundo tayari ina mapigo.

Mkataba usomwe kwa Kilatini na sauti ya mtu wa kawaida, isiyo ya kutangaza, pamoja na maandishi chini. Kama unatengeneza toleo la Kiswahili, chagua maneno yako kutoka mdomoni mwa wachimbaji: duara kwa shimo la wima, matimba, mwalo, karai, kuchenjua. Memmius mwite kibarua. Neno hilo limebeba ujira wa siku, kutokuwa na uhakika wa kesho, na heshima ya mtu anayekula jasho lake, na hakuna neno la kitabuni litakalofanya kazi hiyo. Waliokuwa watumwa waite watumwa, bila kulainisha.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kukamilisha

Onyesha toleo ghafi kwa watu 10 wasiohusika: watoto wawili watatu, wazee, na angalau mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya mgodi. Wasimame, wasikae. Usiwaulize kama wameipenda, kwa sababu adabu itawafanya wajibu ndiyo. Waulize: “Ukitoka hapa, utakwenda kutazama kitu gani kwenye makabati?” Wakitaja kibao, taa au tindo, filamu inafanya kazi. Wakisema hawajui, rudi kwenye mswada. Aliyewahi kufanya kazi ya mgodi muulize swali la pili: wapi tumedanganya?

Hatua ya 9: Kuifunga ukumbini

Hapa ndipo filamu nzuri nyingi hufia. Skrini ikiwa mkabala na dirisha, giza lote ulilolihangaikia linageuka kioo cha kuakisi wageni. Omba kona isiyo na jua, au kibanda chenye kuta tatu zilizopakwa rangi nyeusi isiyong’aa. Spika iwe juu ya kichwa cha mtazamaji na ielekee chini, ili nyundo isiwachoshe walinzi wanaokaa pale kutwa nzima. Nao uwaulize baada ya wiki moja, watakuambia ukweli. Weka benchi moja. Maandishi yawe makubwa ya kusomeka kutoka mita 3. Kama mwali unamemeteka kwa kasi mahali fulani, weka onyo mlangoni kwa wenye kifafa.

Kibao, au nakala yake, kiwe hatua chache kutoka kwenye skrini, na taa yake ndogo iwake filamu inapomalizika, wakati utambi wa Memmius unazimika. Fundi umeme ataunganisha mambo hayo mawili kwa nusu siku. Mpe mgeni sekunde 20 za giza na ukimya kabla filamu haijaanza tena. Wageni wengi wataanza kutembea kuelekea kwenye ile nuru.